Nani Anasema? Shajara ya Mradi wa Chembe za Damu, Mombasa

14 Januari 2025

Barua ya kamati ya maadili ya utafiti imefika. Tumeruhusiwa kuanza. Nimeisoma mara mbili nimesimama mlangoni pa wodi, nikaikunja nikaitia mfukoni mwa koti, kisha nikarudi kwa wagonjwa maana zamu ilikuwa haijaisha.

Nieleze kwanza tunachokitafuta, kwa kuwa nimeahidi kuandika hapa kila hatua, iliyofaulu na iliyoharibika. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi hapa Pwani huuita siko, ana hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, yenye kosa dogo mno. Katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, palipopaswa kukaa asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki imekaa nyingine, valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ugonjwa huu umo ndani ya molekuli yenyewe. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alikuwa akizunguka nchini akipima damu za watu, akaona kwamba wanaobeba nakala moja ya kosa hili ni wengi huku Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Ni ramani ileile ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria. Anayerithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, ndiye ninayempokea wodini saa nane za usiku akilia.

Kitendawili kilichonifikisha maabara ni hiki. Tumefundishwa kwamba chembe nyekundu ikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mshipa mwembamba, damu ikaziba na maumivu yakaanza. Ni kweli, ila haitoshi. Chembe hupita kwenye mishipa ile myembamba kwa sekunde chache tu, na hemoglobini nayo huchukua muda kabla ya kushikana. Chembe nyingi zingewahi kutoka upande wa pili kabla hazijapinda. Ili zichelewe, lazima kuna kinachozishika. Ukuta wa mshipa umeanza kunata. Na ukuta hauanzi kunata hivihivi, umeambiwa.

Umeambiwa na nani? Nashuku ni chembe nyekundu zenyewe. Chembe nyekundu haina kiini, haina DNA, haiwezi kutunga ujumbe mpya. Lakini inaweza kumega kipande cha utando wake na kukiachia kwenye damu: kifuko kidogo sana, kimebeba hemoglobini na mafuta ambayo kwa kawaida hufichwa upande wa ndani. Selimundu humega vifuko hivi kwa wingi. Nataka kujua bitana ya mshipa inasikia nini vinapoigusa.

Neno bitana si la vitabuni. Nimelipata kwa mgonjwa wangu mmoja, binti wa miaka 19, fundi cherehani. Nilikuwa namweleza kwamba mshipa una utando mwembamba ndani, seli zimepangwa safu moja. Akasema, "Kumbe ni bitana. Bitana ikivuta, daktari, nguo nzima hujikunja, hata kitambaa kiwe kizuri vipi." Tangu siku hiyo maabara nzima tunasema bitana.

22 Januari

Kitovu cha kwanza!

Seli za bitana tunazipata kwenye kiungamwana, ule ukambaa unaomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Sista wa zamu alinipigia saa kumi na moja alfajiri: "Daktari, kimoja tayari, na mama ameridhia." Nikakikuta kwenye chupa ya maji ya chumvi, ndani ya kasha la barafu.

Nimezalisha akina mama wengi, lakini sikuwahi kukitazama kitu hiki kwa makini, maana chumba cha uzazi macho yote yako kwa mtoto. Ni cheupe chenye rangi ya samawati kwa mbali, kimesokoteka kama kamba ya tanga, na kinateleza mkononi. Ukikikata utaona matundu matatu: ateri mbili ndogo zilizojifumba, na vena moja pana iliyo wazi. Tunaitaka vena. Unakata ncha zilizobanwa na kibanio, unaingiza mrija, unaosha damu mpaka maji yatoke meupe. Kisha unajaza kolajinesi, kimeng'enya kinacholegeza gundi iliyoshikilia seli, unafunga ncha zote mbili na kukilaza kwenye inkubeta kwa digrii 37. Baada ya dakika kumi na chache unakikanda taratibu kwa vidole, kama unavyomkanda mtoto mchanga mguu, na kumimina kilichomo. Njia hii ilielezwa na Eric Jaffe na wenzake wa New York mwaka 1973, na mpaka leo hatujapata iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kilichotoka ni maji yenye ukungu kidogo. Tumeyamwaga kwenye chupa bapa iliyopakwa jelatini. Hakuna la kuona kwa sasa.

27 Januari

Zimeota. Kijana wetu wa maabara aliniita bila kusema neno, akanisogezea kiti. Chini ya hadubini seli zimejipanga zimegusana pande zote, kama mawe ya sakafu kwenye ua wa nyumba za Mji wa Kale. Hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Zikishagusana zinaacha kuongezeka. Hayo nayo ni mazungumzo, na hakuna aliyezifundisha.

3 Februari

Leo nimekosea, na nataka kuandika nilivyokosea.

Kitovu cha tatu. Mama amesaini fomu ya ridhaa, kila kitu kiko sawa. Nikiwa natoka nalo kasha, bibi yake mtoto akanisimamisha kwenye korido. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kitovu cha mjukuu wangu unakipeleka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za seli. Akaninyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja palipozikwa kitovu chake. Huyu akiulizwa atataja wapi? Maabara?"

Sikuwa na jibu. Fomu yetu imeandika "mabaki ya uzazi ambayo yangetupwa". Niliyaandika mimi maneno hayo, na kamati ikayapitisha, na hakuna hata mmoja wetu, watu wa Pwani tuliozikiwa vitovu vyetu chini ya minazi, aliyeshtuka. Kwa familia hii hakuna kilichokuwa kitupwe. Mkwewe alisaini kwa sababu daktari alimwomba na uchungu ulikuwa umemchosha.

Nimerudisha kasha mezani, tukakaa wote watatu na mama mwenyewe. Wamekubaliana hivi: sisi tuchukue kipande cha katikati, kilichobaki kirudi kwao leo hii, na hata hicho tulichokata, tukimaliza kukanda vena, kihifadhiwe wakidai. Bibi akasema, "Nitakidai." Nimemwambia ni haki yake. Usiku huu naandika barua kwa kamati kuomba fomu ibadilishwe. Vitovu vipya vimesimama mpaka wajibu.

11 Februari

Umeme ulikatika saa tano usiku, jenereta haikuwaka mpaka alfajiri. Seli za kitovu cha kwanza na cha pili zimekufa. Za cha tatu ziko kwenye naitrojeni kimiminika, salama.

20 Februari

Tumeyeyusha seli za kitovu cha tatu, zikashika. Leo tumefanya jaribio la kwanza lenyewe.

Kijana aliniuliza mbona njia yetu ni rahisi mno: kuchukua majimaji upande mmoja na kuyamimina upande wa pili. Nikamsimulia habari za Otto Loewi. Mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura, ikiwa bado inapiga ndani ya maji ya chumvi. Akausisimua neva wa moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha akachukua maji yaliyokuwa yameuzunguka moyo huo, akayatia kwenye wa pili, na wa pili nao ukapunguza mapigo bila kuguswa. Ikajulikana kwamba neva husema kwa kemikali, si kwa umeme peke yake. Mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Sisi tunafanya lilelile: damu ni moyo wa kwanza, bitana ni moyo wa pili, na tunauliza kama kuna kitu ndani ya majimaji kinachobeba habari.

Kinachotofautiana ni mbebaji. Vifuko hivi vilidharauliwa muda mrefu. Miaka ya 1980 Rose Johnstone, wa Montreal, aliviona vikitoka kwenye chembe changa za damu ya kondoo, na wengi walivichukulia kuwa njia ya seli kutupa takataka. Leo tunajua vina mpangilio, vina anwani, vina mzigo. Mitambo ya usafirishaji wa vifuko ndani ya seli ndiyo iliyowapa Rothman, Schekman na Südhof tuzo ya mwaka 2013.

Kwa hiyo: plazima, yaani majimaji ya damu bila chembe, ya wagonjwa wanne na ya watu wanne wasio na kosa hilo la hemoglobini, tukaisokota kwenye sentrifuji kwa kasi mpaka vifuko vikatua chini, tukavimwagia bitana, tukasubiri saa nne. Kisha tukapitisha chembe nyeupe juu yake, tukaosha, tukahesabu zilizonata.

Tofauti inaonekana kwa macho. Kwenye vifuko vya selimundu, chembe nyeupe zimeganda kama kome kwenye nguzo za gati. Sikulala.

6 Machi

Ramadhani. Wagonjwa wetu wengi wako ng'ambo ya Likoni, na wengine wamefunga ingawa nimewasihi wasifunge, kwa sababu ukosefu wa maji huzidisha kupinda kwa chembe. Wanaoniuliza kama kutolewa damu ya kupima kunabatilisha saumu nawaelekeza kwa wanazuoni wao, kisha nawapa nafasi ya kuja baada ya futari, na karibu wote wameichagua. Ila damu inayotolewa saa mbili usiku hukesha kwenye kasha na kuvuka kwa feri asubuhi.

Sampuli 9 zimeingia wiki hii, mirija yenye kofia ya samawati. Matokeo ni yaleyale, na mengine yana nguvu zaidi.

27 Machi

Kijana ameuangusha mradi, na namshukuru.

Alikuja na daftari baada ya futari. Alikuwa amechoka kupanga matokeo kwa majina ya siri ya wagonjwa, akayapanga kwa muda ambao damu ilikaa kabla ya kusokotwa. Safu moja ya kalamu ya risasi, ameandika kwa mkono wake: saa 1, saa 1, saa 2, saa 5, saa 11, saa 13. Na kando yake idadi ya chembe zilizonata. Zinapanda pamoja. Sampuli ya mtu mzima wa afya iliyokesha Likoni imenatisha bitana kuliko sampuli ya mgonjwa iliyotolewa hapa jirani na kusokotwa papo hapo.

"Daktari," akaniambia, "nadhani tunapima feri."

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Tangu Februari nimekuwa nikiwaambia watu kwamba selimundu inasema. Huenda aliyekuwa akisema ni mwingine kabisa.

19 Aprili

Idi imepita, na tumepata jibu la nani.

Maabara rafiki iliyo na mashine ya kuhesabu chembe kwa miale imetupokelea sampuli zilizobaki. Tumezipaka kingamwili za aina mbili: moja hushika glikoforini A, alama ya chembe nyekundu, nyingine hushika CD41, alama ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Sampuli zilizokesha zimejaa alama ya chembe sahani.

Ningepaswa kulijua hili. Peter Wolf alikwisha kuvieleza vifuko vya chembe sahani mwaka 1967, akaviita vumbi. Chembe sahani huamka kwa jambo dogo: kutikiswa, kubanwa, kusubiri, baridi. Ukimfunga mtu mkono kwa nguvu mno wakati wa kutoa damu, zinaamka. Ukitumia sindano nyembamba, zinaamka. Ukilitia kasha nyuma ya pikipiki, ukaliteremsha mteremko wa kivukoni likigongana na magoti ya watu, zinaamka na kumwaga vumbi lao kwenye mrija. Nasi tukalipokea hilo vumbi na kuliita sauti ya ugonjwa.

Kuna na hili la joto. Mwongozo tunaoufuata unasema damu ikae kwenye "joto la chumba". Waliouandika walikuwa na chumba cha digrii 20. Chumba chetu wakati wa kaskazi, kiyoyozi kikizimika, kinapita digrii 30. Nimebandika ukutani karatasi: digrii 22, si "joto la chumba".

Nimewaandikia wazazi waliokuwa wamepewa habari ya matokeo ya Februari. Nimeiondoa habari hiyo. Mama mmoja alinijibu, "Asante kwa kutuambia, daktari. Wengine wangenyamaza." Jibu lake limenitia nguvu kuliko matokeo yenyewe yalivyonitia.

12 Mei

Tumehamisha sentrifuji ndogo kwenda Likoni. Ilivuka mapajani mwangu, nimeikumbatia, na mzee mmoja kando yangu akauliza kama ni mashine ya kusaga nazi.

Utaratibu mpya, ambao sasa anausimamia kijana: sindano nene ya geji 21, mkono usifungwe zaidi ya inavyohitajika, mililita za kwanza ziende kwenye mrija mwingine, mrija usimame wima, usitikiswe, damu isokotwe kliniki hukohuko ndani ya saa mbili, mara mbili, dakika 15 kila mara, kwa nguvu mara 2,500 ya uvutano wa dunia, ili chembe sahani zote zitoke kabla ya kugandishwa. Zikibaki zikagandishwa, hupasuka wakati wa kuyeyuka na kutuletea vumbi jipya. Kinachovuka maji sasa ni plazima safi iliyoganda. Hata foleni ya feri ikifika Mtongwe haitudhuru.

Kliniki ya Likoni wazazi waliniuliza dawa itatoka lini. Nilisema nao wazi na nasema tena hapa: utafiti huu si dawa, na huenda usizae dawa kwa miaka mingi. Ipo dawa ya sindano iliyotengenezwa kuzuia P-selektini, mojawapo ya vinatishi vya bitana. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019. Ulaya ikaiondolea ruhusa mwaka 2023 baada ya jaribio kubwa kutoonyesha faida iliyotarajiwa. Kuzima neno moja hakutoshi ikiwa ukuta unaambiwa kwa njia nyingi.

Dawa ya haidroksiyurea ipo, na inafanya kazi. Jaribio la REACH lililochapishwa mwaka 2019, lililowashirikisha watoto wa Angola, Kongo, Uganda na wa hapa kwetu Kilifi, lilionyesha kwamba watoto wanaoitumia hupata maumivu machache, huongezewa damu mara chache, huugua malaria mara chache, na wanaofariki hupungua. Mwenye mtoto anayeitumia asimwachishe kwa kusubiri matokeo yetu. Tafadhali.

17 Juni

Msemaji wa pili amepatikana, na huyu alikuwa ndani ya nyumba. Chakula cha seli zetu kina seramu ya ndama, na damu ya ndama nayo ina vifuko. Kila mara tulipolisha bitana tulikuwa tukiimwagia maneno ya ng'ombe. Sasa seramu inasokotwa usiku kucha kwa kasi kubwa kwenye maabara rafiki, vifuko vikatua, ndipo tunaitumia. Bitana isiyomwagiwa chochote imetulia mara moja. Chembe nyeupe zinateleza juu yake na kwenda zao.

Msemaji wa tatu tunamjua: hemoglobini iliyomwagika chembe zinapopasuka. Tunaipima kila sampuli, na plazima yenye rangi ya waridi inatupwa bila majadiliano. Bado ninaye mwingine anayenisumbua. Bitana yetu ni ya mtoto mchanga, imetoka kwenye vena pana ya kitovu. Mshipa unaouma kwenye paja la fundi wangu wa cherehani ni mwembamba na una miaka 19 ya kupigwa na ugonjwa. Nimeliandika hili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili nisijisahaulishe.

Fundi mwenyewe alilazwa wiki iliyopita, siku sita. Kifua safari hii. Jana ameruhusiwa, na kabla ya kuondoka alinitolea mrija mmoja wa damu, mkono wa kushoto, bila kuombwa. Nilimwambia apumzike kwanza. Akasema, "Chukua sasa, ndiyo kwanza imetoka kugombana."

8 Julai

Tumefungua namba za siri leo asubuhi.

Safari hii aliyehesabu hakujua ni sampuli ya nani, hata mimi sikujua. Vifuko havikumwagwa vyote kwa pamoja: tulivivua vya chembe nyekundu peke yake, kwa shanga ndogo za sumaku zenye kingamwili ya glikoforini. Vitovu vitatu tofauti, kwa fomu mpya. Kijana alisoma namba, mimi nikaandika ubaoni.

Tofauti tuliyoiona Februari imepungua sana. Sehemu kubwa ya ile sauti ilikuwa vumbi la safarini. Lakini haikwisha. Kwenye vitovu vyote vitatu, vifuko vya chembe nyekundu za selimundu vimenatisha bitana kuliko vya watu wasio na ugonjwa. Na tulipotanguliza hemopeksini, protini inayokamata himu, kunata kukashuka. Himu ni ile sehemu ya hemoglobini yenye chuma. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba vifuko vya selimundu hubeba himu na kuikabidhi kwa bitana. Tumefika mlangoni pao kwa njia yetu wenyewe, kwa damu ya Likoni na vitovu vya Mombasa, na mlango ni uleule.

Sitaiita ugunduzi. Sampuli ni chache, na vitovu vitatu ni watu watatu tu. Lakini baada ya kuwanyamazisha chembe sahani, ndama, hemoglobini iliyomwagika na kiherehere changu mimi, bado kuna anayesema, na ni yule tuliyemshuku. Kijana alifuta ubao, kisha akajuta, akaziandika upya kutoka kwenye daftari ili tuzipige picha.

Hatua inayofuata ni kulinganisha damu ya mgonjwa mmoja akiwa mzima na akiwa na maumivu. Mrija wa fundi ni wa kwanza. Jina lake la siri ameomba alichague mwenyewe: Bitana.

15 Julai

Bibi amekuja kudai. Kamati ilikwisha kuturuhusu, na kipande chake kilikuwa kwenye friza tangu Februari, kimefungwa kwa shashi safi. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Akakitia kwenye kikapu chini ya kanga. Kile kipande kingine, akasema, kimezikwa uani na mche wa mnazi umepandwa juu yake. Hiki kitaongezwa pembeni.

Kisha akauliza, "Na zile mlizozitoa ndani?"

"Bado ziko hai, bibi. Zimezaana."

Alitaka kuziona. Tulimpa koti na kiti. Ilichukua muda kulipata jicho lake la kulia kwenye hadubini, maana la kushoto lina mtoto wa jicho. Alipozipata akanyamaza, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Kijana alimwonyesha taratibu: hizi ndizo seli, hizi ni mipaka yake, hapa moja inagawanyika.

"Ni za mjukuu wangu hizi?"

"Ni zake."

Akatazama tena. Kisha akainuka, akatazama kibamba wazi mezani na kiyoyozi kinachopuliza juu yake.

"Basi zifunikeni," akasema. "Zisipate baridi."

Nimezirudisha kwenye inkubeta, digrii 37.